UZI: Bingwa wa magonjwa ya ndani afundishwe na tiba ya wazee humo humo, tusisubiri jengo la wazee

Tabibu wa Upanga (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa zangu shikamooni.

Pita leo wodi yoyote ya magonjwa ya ndani hapa Dar, iwe Temeke, Amana, Mwananyamala au Muhimbili, uangalie nani kalala vitandani. Mzee wa kiharusi. Mama mtu mzima ambaye moyo umechoka, miguu imejaa maji. Babu aliyeletwa kwa mwanawe Kimara kutoka Songea, sukari iko juu na figo zimeanza kugoma. Bibi ambaye ndugu wanasema tu, "amebadilika tangu juzi, haongei vya kueleweka." Hawa ndio wagonjwa wetu wa kila siku. Sasa muulize daktari anayewatibu: kumtibu mzee ulifundishwa lini, na nani, kwa muda gani? Wengi watakwambia walijifunza wenyewe kazini, kwa kubahatisha.

Mimi ni bingwa wa magonjwa ya ndani, nafanya kazi hapa mjini. Hoja yangu ni kwamba tuache kusubiri siku tutakapopata mabingwa wa wazee peke yao, wenye jengo lao na kliniki yao. Tumfundishe bingwa wa magonjwa ya ndani tiba ya wazee katika miaka ile ile ya ubingwa, wodi ile ile, atoke na vyote viwili mkononi.

Sensa ya 2022 ilituhesabu zaidi ya milioni 61.7. Wenye miaka 60 na kuendelea ni kama asilimia 6 hivi. Mtu akisikia asilimia 6 anaona ni wachache. Lakini hao hao ndio wanaorudi kliniki kila mwezi, ndio wanaolazwa muda mrefu, ndio wanaotoka na faili nene na mfuko wa dawa. Na idadi yao inaongezeka. Kuna kundi jingine tunalisahau: dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilianza kutolewa bure nchini kwa mpango wa taifa mwaka 2004. Aliyeanza dawa akiwa na miaka 45 leo yuko kwenye sitini na kitu. Ni ushindi mkubwa, na sasa mtu huyo ana presha, ana sukari, ana magoti, juu ya dawa zake za kila siku za CTC, kliniki ya wanaoishi na virusi. Nani amefundishwa kumtazama mzima mzima?

Kisera hatujalala. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliweka umri wa miaka 60 na ikazungumzia matibabu bila malipo kwa mzee asiyejiweza. Hospitali zikaweka dirisha la wazee na mabango ya kumpisha mzee apate huduma kwanza. Nayaunga mkono yote hayo. Ila dirisha linafupisha foleni tu. Mzee akishapishwa akaingia chumbani, anamkuta daktari yule yule, mwenye dakika zile zile na mafunzo yale yale. Presha inaandikiwa dawa, sukari inaandikiwa dawa, magoti yanaandikiwa dawa, usingizi nao unaandikiwa. Hakuna anayeuliza kama anaanguka, kama anasahau, kama anafika chooni kwa wakati, nani anampikia.

Na mzee haugui kama kijana. Kijana akipata nimonia atakohoa, atachemka homa, atashika kifua. Mzee wa miaka 80 anaweza asiwe na homa wala kikohozi cha maana. Anaacha kula, analala mchana kutwa, usiku anaongea na watu wasiokuwepo na kuvua nguo. Nyumbani wanasema ni uzee, au karogwa. Wodini asipokutana na anayejua, anaandikiwa sindano ya kumtuliza, halafu nimonia inaendelea kumla kimya kimya. Kuchanganyikiwa kwa ghafla kwa mzee ni dharura kama maumivu ya kifua yalivyo dharura. Hilo pekee likifundishwa vizuri kwa kila residenti, yaani daktari anayesomea ubingwa, tutaokoa watu.

Chukua na kipimo cha figo. Kreatinini, ile taka ya kwenye damu tunayoipima kujua figo zinavyofanya kazi, inatokana na misuli. Mzee aliyekonda hana misuli, kwa hiyo majibu yanaweza kurudi yakisomeka ya kawaida wakati figo zake zimeshapungua nguvu sana. Daktari anasoma karatasi, anatoa dozi ya mtu mzima wa miaka 40. Baada ya wiki mgonjwa anarudi amezidiwa na dawa yenyewe.

Wenzetu walianzia wapi? Mwaka 1935 hospitali ya West Middlesex, London, ilichukua wodi za nyumba ya maskini iliyokuwa jirani, zimejaa wazee waliokatiwa tamaa, wengine wamelala miaka. Daktari Marjory Warren akapewa wodi hizo. Akampima kila mmoja upya, akatafuta ugonjwa wake ni nini, akawainua vitandani, akaleta wa mazoezi ya viungo. Wengi waliweza kurudi makwao. Aliyoyafanya ni kazi ya kawaida ya daktari, isipokuwa aliwafanyia watu ambao wenzake walishaacha kuwafanyia. Fani nzima ya tiba ya wazee kule ilizaliwa ndani ya hospitali ya kawaida namna hiyo.

Ndiyo maana mpaka leo Uingereza inamfundisha daktari wa wazee vitu viwili kwa pamoja. Akimaliza miaka miwili ya mwanzo kazini, anasoma magonjwa ya ndani miaka 3, kisha miaka 4 ya tiba ya wazee na magonjwa ya ndani kwa mpigo, na mwisho anasajiliwa kwa fani zote mbili. Huyo huyo anapokea watu wazima wa dharura wa umri wowote usiku, na huyo huyo ana kliniki ya wanaoanguka asubuhi. Marekani njia iliyozoeleka ni miaka 3 ya magonjwa ya ndani au tiba ya familia, halafu mwaka 1 wa wazee, na kuna vyuo vilivyoanza kuvichanganya tangu siku ya kwanza katika programu moja ya miaka 4. Afrika Kusini bingwa wa magonjwa ya ndani anaweza kuendelea kusomea wazee na kufanyiwa mtihani wake. Ibadan, Nigeria, hospitali ya chuo kikuu ina kituo cha wazee tangu 2012.

Sisi ubingwa wa magonjwa ya ndani ni miaka 3 baada ya miaka 5 ya udaktari na mwaka wa intern. Sipendekezi tuongeze hata mwezi. Napendekeza ndani ya miaka hiyo 3 kuwe na miezi kamili ya tiba ya wazee, kama ilivyo miezi ya moyo na ya figo. Kila residenti apewe wazee wachache wa kuwafuata tangu mwaka wa kwanza hadi anahitimu, wawe wake, awajue mpaka wanakoishi. Awatembelee nyumbani, maana hujui kwa nini mzee anaanguka mpaka uone choo chake. Na mtihani wa mwisho uulize mambo haya, kwa kuwa kisichoulizwa kwenye mtihani hakisomwi, tuseme ukweli.

Naomba kuwasilisha. Madaktari, manesi, wafamasia, wenye wazee nyumbani, karibuni.

Mama Zai Mbagala

Daktari, Mungu akuweke. Mimi si mtu wa afya, ila nimesoma mpaka mwisho kwa sababu umeniandikia habari za mama yangu.

Mama ana miaka 79. Alianza na presha, akapewa dawa, amlodipini. Baada ya muda miguu ikavimba. Tukampeleka, akaandikiwa dawa ya kukojoa maji yatoke. Uvimbe ukapungua kidogo, ila usiku akawa anaamka mara nyingi kwenda haja. Choo chetu kiko uani, cha kuchuchumaa. Usiku mmoja akaanguka, nyonga ikavunjika. Kila hospitali tuliyopita kila mtu alitibu cha kwake: wa presha presha, wa mifupa mfupa. Hakuna aliyekaa akatuambia hii safari ilianzia wapi. Mpaka leo nauliza, huyo daktari wako wa mbili kwa moja angeliona hili mapema?

Tabibu wa Upanga

Pole sana dada, na umpe mama shikamoo yangu.

Ndiyo, angeliona, na hiyo ni kazi yake hasa. Miguu kuvimba ni jambo linalojulikana kwa dawa uliyoitaja, si kwa kila mtu lakini kwa wengi. Uvimbe ukatibiwa kama ugonjwa mpya, dawa ya pili ikaongezwa. Dawa ya pili ikamwamsha usiku, pengine na presha ikamshuka akisimama, akaanguka. Kidonge kimezaa kidonge, na mwisho kimezaa mfupa uliovunjika. Daktari aliyefundishwa wazee, kabla hajaandika dawa mpya, anajiuliza kwanza: je, hili ninaloliona ni kazi ya dawa niliyompa mwezi uliopita?

Na angempima presha akiwa amelala, kisha amesimama, dakika ya kwanza na ya tatu. Ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10, hapo pana hatari ya kuanguka. Kinachohitajika ni mashine ile ile ya presha iliyopo kila zahanati.

Tafadhali usimwachishe mama dawa yoyote mwenyewe. Weka dawa zake zote mfuko mmoja, na za duka la dawa, na za mitishamba, upeleke kliniki, uombe zipitiwe moja moja. Uliza kila dawa ni ya nini na kama bado inahitajika. Na kama hamjapata kiti cha choo, fundi akukatie tundu kwenye kiti cha plastiki, ndoo chini, kikae karibu na kitanda. Nimeona nyumba nyingi Temeke wakifanya hivyo na kinasaidia sana usiku.

Stetho Kuukuu

Mleta uzi, nakuheshimu, na mimi niko fani hiyo hiyo tangu enzi zile. Lakini nina mashaka matatu na nitayasema wazi.

Mosi, mabingwa wa magonjwa ya ndani wenyewe hawatoshi. Nenda mikoani uone. Leo unataka kuwarundikia mzigo mwingine. Pili, nani atawafundisha? Huwezi kuanzisha miezi ya tiba ya wazee bila walimu wa tiba ya wazee. Tatu, na hili ndilo kubwa, mzee ni mtu mzima aliyeongezeka miaka. Moyo wake ni moyo, mapafu yake ni mapafu. Bingwa mzuri wa magonjwa ya ndani anatosha kumtibu. Tusije tukatengeneza cheti kipya wakati tatizo ni dawa kukosekana na foleni kufika getini.

Tabibu wa Upanga

Shikamoo mkuu. Nashukuru umeyasema waziwazi. Nianze na la tatu.

Kama moyo ni moyo na mapafu ni mapafu, basi kumtibu mzee kwa utaratibu wa kawaida na kumtibu kwa tathmini kamili ya kizee kungeleta matokeo sawa. Hayako sawa. Mapitio ya 2017 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yalikusanya tafiti 29 zenye wagonjwa 13,766 kutoka nchi 9. Wazee waliolazwa wakapata tathmini kamili, maana yake ugonjwa, akili, mwendo, dawa, chakula, nyumbani, vyote vikatazamwa na timu moja na kupangiwa mpango mmoja, walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa hai na kuishi nyumbani kwao miezi iliyofuata. Kuishi nyumbani kwake, mkuu. Ndicho mzee anachokitaka kuliko namba nzuri kwenye karatasi ya maabara.

Ni kweli nyingi za tafiti hizo ni za nchi tajiri. Lakini tazama kilichomo ndani yake: kuuliza, kupima, kupunguza dawa, kuinua kitandani, kuongea na ndugu. Muda na ujuzi ndivyo vinavyohitajika zaidi ya mashine.

Halafu kuna madhara tunayoyaleta sisi wenyewe wodini. Utafiti wa Marekani wa 2007 ulichukua wazee wazima, wasioumwa, ukawalaza kitandani siku 10 tu. Walipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Hao walikuwa wazima. Sasa yule bibi wetu mwenye nimonia, dripu mkono mmoja, mpira wa mkojo chini, amelala wiki mbili hajaguswa na mtu wa mazoezi. Nimonia inapona, anaruhusiwa, na hawezi kusimama. Sisi tunaandika kwenye faili "amepona". Bingwa mzuri wa magonjwa ya ndani ameitibu nimonia vizuri kabisa hapo. Kinachomtoroka ni mgonjwa.

Bernard Isaacs, daktari wa wazee wa Uingereza, alishayataja zamani yale majitu manne ya uzee: kushindwa kutembea, kuanguka, kushindwa kuzuia haja, na akili kupungua. Hakuna hata moja kati ya hayo lenye kliniki yake kwetu. Yote yanaangukia kwa bingwa wa magonjwa ya ndani, na ndiye ambaye hakufundishwa.

La kwanza, uchache. Ni kwa sababu ya uchache ndiyo nasema tuvichanganye. Mkoa wenye bingwa mmoja hautapata bingwa wa pili wa wazee peke yao miaka 20 ijayo. Lakini huyo mmoja akitoka chuoni anajua yote mawili, mkoa mzima umepata.

La pili, walimu, hapo uko sahihi na ndipo pagumu. Itabidi wachache watumwe nje mwaka mmoja mmoja, Afrika Kusini au Uingereza, warudi wafundishe. Wakati huo huo tunao wengi ambao hatujawahi kuwakalisha meza moja: mtaalamu wa magonjwa ya akili anayejua kusahau na sonona, watu wa mazoezi ya viungo, watu wa tiba shufaa (ya kupunguza mateso ya mgonjwa asiyepona) wa hospitali ya saratani ya Ocean Road, maafisa ustawi wa jamii, wafamasia. Residenti akikaa nao wote kwa mpangilio, amepata sehemu kubwa ya elimu hiyo kabla mwalimu wa kwanza hajarudi.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Naunga mkono kwa mikono miwili, ila naomba manesi msitusahau kwenye huo mtaala, maana mzee anaharibika usiku na usiku daktari hayupo.

Nimeona mengi. Mzee kaja na miwani yake, ndugu wanarudi nayo nyumbani isiibiwe. Sasa haoni. Kama ana shida ya kusikia, ndiyo kabisa. Taa inawaka usiku kucha, hajui ni saa ngapi, hajui yuko wapi. Anaanza kuchomoa dripu. Anafungwa mikono kwa bandeji. Ndiyo anazidi kuhangaika. Nimeshaona zamu ambapo mjukuu kuruhusiwa kukaa naye, kumshika mkono na kumwambia "bibi uko hospitali, asubuhi tunaongea na daktari," kumefanya kazi ambayo sindano haikufanya.

Na mpira wa mkojo! Unawekwa mapokezi kwa sababu nepi hazipo au mtu wa kumpeleka chooni hayupo, kisha hakuna anayekumbuka kuutoa. Siku ya tano mkojo una usaha. Ningependa daktari kwenye raundi kila asubuhi aulize swali moja tu kwa kila mzee: huu mpira bado unahitajika? Akiuliza yeye, sisi tunautoa mara moja.

Vidonda vya mgongoni sisemi. Kumgeuza mgonjwa kila saa mbili wakati nesi mko wawili wodi nzima, kila mtu anajua hali ilivyo. Ndugu wafundishwe kugeuza. Wanaweza, wakielekezwa vizuri.

Mfamasia Kariakoo

Hapa kwenye dawa niongeze mawili matatu.

Glibenklamaidi. Bado inatolewa sana kwa wazee wa kisukari kwa sababu ni ya bei nafuu. Inakaa mwilini muda mrefu, na figo zikiwa dhaifu inaweza kushusha sukari ya mzee usiku akazimia. Kwa wazee orodha za kimataifa za dawa za kuepukwa zimeitaja wazi. Mwezi wa Ramadhani ndiyo balaa: mzee amefunga, amemeza dozi yake kama kawaida wakati wa daku, saa tisa alasiri anatetemeka na jasho, watu wanadhani ni swaumu. Daktari aliyefundishwa wazee angekaa na mgonjwa wake wa Kiislamu mwezi mmoja kabla, wapange pamoja dawa na saa zake, na amweleze kwa heshima iwapo hali yake haimruhusu kufunga.

Diklofenaki. Wazee wanainunua dukani kama peremende kwa ajili ya magoti. Inapandisha presha, inaumiza figo, inatoboa tumbo. Mgonjwa hamwambii daktari kwa sababu haoni kama ni dawa, anaona ni "ya maumivu tu". Daktari anaona presha haishuki, anaongeza dawa ya presha.

Na amitriptilini anazopewa mzee kwa ajili ya usingizi au ganzi za miguu. Kinywa kinakauka, choo kinafunga, mkojo unagoma kutoka, akili inavurugika. Ndugu wanaleta cheti kingine wakiomba dawa ya kusahau.

Nikipata daktari mmoja ambaye atanipigia na kusema "mfamasia, hebu tupitie dawa za mzee huyu pamoja," nitafunga duka nimfuate.

Kijana wa Boma Ng'ombe

Mimi natokea Hai, Kilimanjaro, sasa naishi Ubungo. Watu wanasema hatuna ujuzi wa wazee hapa nchini. Nisahihishe kidogo: Hai imefanyiwa tafiti za wazee miaka mingi na timu ya Watanzania na Waingereza, akiwemo Richard Walker wa Newcastle. Nyumba kwa nyumba. Walipima ugonjwa wa kusahau kwa wenye miaka 70 na zaidi, wakakuta asilimia 6.4, matokeo yakachapishwa 2013. Wakatengeneza na kipimo cha akili kisichohitaji mtu kujua kusoma na kuandika, ambapo mzee anapanga hata njiti za kiberiti kufuata mchoro. Kipimo cha kwetu kabisa, kwa ajili ya bibi zetu.

Na cha kiharusi ndicho kinachonitisha nikiwa hapa Dar. Walihesabu wagonjwa wapya Hai na sehemu ya Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006. Ukishasawazisha umri, Hai ilikuwa 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, Dar 315.9. Karibu mara tatu. Jiji hili linawapiga watu wake kiharusi, na waliopona nusu mwili ndio wazee watakaokaa vitandani miaka.

Tabibu wa Upanga

Mkuu wa Boma Ng'ombe, ahsante sana kwa takwimu hizo. Za Dar zinapaswa kubandikwa ukutani kwenye kila darasa la ubingwa hapa mjini. Na hicho kipimo cha njiti ndicho ningependa residenti aanze nacho, badala ya kumuuliza bibi aliyelima maisha yake yote asome sentensi au aandike tarehe, akishindwa tumwandikie amepoteza akili.

Mstaafu wa Kigamboni

Wanangu, hamjambo. Nina miaka 73, nilikuwa bandarini. Mnazungumza habari zetu, nami nina neno.

Nikienda hospitali na mwanangu, daktari anaongea na mwanangu. "Anakula? Analala? Anapata choo?" Mimi nipo, nasikia. Nilikuwa nikisimamia watu wengi pale bandarini. Leo naulizwa kupitia mtoto wangu kama mzigo ulioletwa na mtu. Siku nyingine nina jambo la faragha la kiume, siwezi kulisema mbele ya binti. Hakuna anayenipa nafasi.

Halafu mnaniandikia dawa saba. Mmenieleza ya kwanza na ya pili. Hizo nyingine namezea imani.

Mimi sihitaji kuishi miaka mia. Nataka niende msikitini kwa miguu yangu, nirudi. Kama kuna daktari atakayeanza kwa kuniuliza hilo, huyo nitamsikiliza na masharti yake yote.

Tabibu wa Upanga

Hatujambo mzee wangu, nakupa shikamoo ya heshima.

Ulilosema ndilo la kwanza katika mafunzo ninayoyaombea: kumuuliza mzee ni nini muhimu kwake, kisha dawa na vipimo vifuate hapo. Ukisema msikitini kwa miguu, nimeshajua nitazame nini: mwendo wako, presha ukisimama, macho, magoti, dawa inayokuzungusha kichwa. Nakuomba ukienda tena useme mwenyewe, "daktari, naomba tuongee wawili kwanza." Ni haki yako, na daktari mwenye adabu atamwomba mwanao asubiri nje kidogo.

Stetho Kuukuu

Mzee wa Kigamboni, shikamoo. Umenigusa.

Mleta uzi, la tatu nimeliondoa, hoja ya misuli na ya mpira wa mkojo siwezi kuipinga, naiona kila raundi. La walimu nimekuelewa nusu. Sasa nikuongezee la nne ulilolikwepa: vijana hawataipenda. Residenti anataka moyo, anataka figo, aweke mpira wa kupanua mshipa, asafishe damu kwa mashine. Hapo kuna heshima na hapo kuna mapato ya jioni. Nani atachagua kukaa nusu saa na bibi anayerudia hadithi moja?

Tabibu wa Upanga

Mkuu, hapo umegusa penyewe, na ndiyo sababu ya pili ya kuvichanganya. Ukiifanya tiba ya wazee fani ya kuchagua, hawataichagua. Ukiifanya sehemu ya kila bingwa, hakuna wa kuikimbia, na anayekwenda moyo baadaye anakwenda nayo. Bingwa wa moyo anayejua kutazama mzee mzima ataweza kuamua kwa busara nani apelekwe maabara ya kuzibua mishipa na nani atadhurika nayo.

Ila sikubali kwamba kazi yenyewe haina ladha. Kumpata mzee ambaye kila mtu amesema ni uzee, ukagundua ni tezi la shingo limelala, au upungufu wa damu, au dawa moja tu ya ziada, halafu baada ya mwezi anaingia kliniki akitembea, hakuna raha ya udaktari inayozidi hiyo. Vijana hawaipendi kwa sababu hawajawahi kuonyeshwa.

Malipo ni kweli. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 ipo, na hapo madaktari tuna la kudai: dakika 40 za kumpitia mzee na dawa zake zilipwe kama huduma, kama kinavyolipwa kipimo. Leo ukimtoa mzee dawa nne zisizohitajika umeokoa pesa za bima na hujalipwa kitu.

Intern Temeke

Madaktari shikamooni. Mimi ni intern, niko wodi ya wanaume. Mtaala ukibadilika nitakuwa nimeshapita. Kesho asubuhi nifanye nini tofauti?

Tabibu wa Upanga

Marahaba daktari. Chagua mzee mmoja tu kesho, usijaribu wote.

Vuta kiti ukae, uso wako usawa na wake, sauti nzito ya taratibu. Muulize jina analopenda kuitwa. Muulize mwaka huu ameanguka mara ngapi, na wiki mbili kabla ya kuugua alikuwa anafanya nini mwenyewe: kuoga, kuvaa, kwenda dukani. Hilo ndilo lengo lako la kumrudisha. Kama ndugu wanasema amebadilika ghafla, waamini, utafute chanzo: maambukizi, mkojo uliokwama, choo kilichofunga, sukari, dawa mpya, maumivu ambayo hajayasema. Mpime presha amelala na amesimama. Akiweza, ainuke kwenye kiti, atembee mita tatu, ageuke, arudi akae. Utajifunza zaidi hapo kuliko kwenye picha ya kifua. Mpira wa mkojo kama hauna sababu, mwombe nesi autoe. Andika dawa zake zote, na mbele ya kila moja andika ni ya nini. Isiyo na jibu, ipeleke kwenye raundi umuulize bingwa wako. Kabla hujaandika karatasi ya kumruhusu, muulize choo cha nyumbani kiko wapi na nani analala naye chumba kimoja.

Kisha nenda naye kwenye kikao cha asubuhi, mwasilishe. Watu wakiuliza kwa nini umepima presha mara mbili, waeleze.

Wengine wote: ninaandika rasimu ya miezi ya tiba ya wazee ndani ya ubingwa, ili ipelekwe kwenye idara tunazofundishia. Nesi, nitumie faraghani orodha ya mambo ya usiku kama ulivyoyasema, nitayaweka kama yalivyo. Mfamasia, nakuhitaji kwenye sehemu ya dawa, duka usilifunge, tutaonana jioni. Stetho, mkuu wangu, nakuomba uisome kabla haijaenda, ukate pale inapobidi. Dada wa Mbagala, mama akishapitiwa dawa zake rudi hapa utwambie walipunguza zipi.